Wawili Wakibonyeza Pamoja

Rubani akibonyeza kitufe cha redio ili aseme, papo hapo anakuwa kiziwi. Redio yake haiwezi kurusha na kupokea kwa wakati mmoja katika masafa yale yale, kwa hiyo muda wote anaposema anaweza kuitwa, kuonywa, hata kukatazwa, naye asisikie neno. Akiachia kitufe, masikio yanarudi. Na si yeye peke yake. Ndege zote zilizo katika kipande hicho cha anga, pamoja na mwongoza ndege aliye chini, wako katika masafa hayo hayo, kila mmoja ana kitufe chake, na hakuna mashine inayowagawia zamu.

Juu ya Keringet haya hutokea kila siku. Mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi Kisumu hukatiza si mbali na hapa, juu ya mgongo wa Mau katika Kuresoi Kusini, na anayepalilia viazi huinua macho mara moja, akaiona ndege ikielekea ziwani, kisha akarudi kwenye jembe. Keringet ni jina ambalo Wakenya wengi walilisoma kwanza kwenye chupa ya maji, halafu wakalisikia tena kwenye habari za wanariadha wanaokimbia katika hewa yake nyepesi. Wachache wamewahi kulifikiria kama mahali penye mazungumzo mengi juu ya vichwa vya watu.

Redio za ndege hutumia mawimbi ya VHF, kati ya megahezi 118 na 137, jirani tu na stesheni za FM tunazosikiliza, ambazo huishia 108. Mawimbi ya aina hii karibu hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Hufika pale ambapo jicho lenye nguvu za kutosha lingefika, na kidogo zaidi. Ndege iliyo mita 6,000 juu inasikika hadi kilomita 320 hivi. Iliyo mita 11,000 huvuka kilomita 430. Kutoka Keringet hadi Nairobi, ukienda kama anavyoruka ndege, ni takriban kilomita 160, basi rubani aliye juu yetu huzungumza na Nairobi bila taabu. Aliye chini, hata angekuwa na redio ya kusikilizia masafa hayo, angemsikia rubani vizuri, lakini sauti inayorushwa kutoka Nairobi yenyewe ingekatwa na milima na mviringo wa dunia. Angepata nusu ya mazungumzo. Kwa sababu hiyo hiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ina vituo vya mitambo juu ya vilima mbali na Nairobi, kimojawapo kikiwa Poror, upande wa Baringo.

Kuwa juu kuna hasara yake pia. Ndege iliyo mita 11,000 juu ya Keringet husikika katika duara linalofika Kampala upande mmoja na kupita Arusha upande mwingine. Popote ndani ya duara hilo, masafa anayotumia rubani huyo hayawezi kupewa mwongoza ndege mwingine kwa kazi nyingine bila kuleta vurugu. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania haziwezi kujichagulia masafa kila moja kivyake. Hupangwa kwa pamoja kupitia shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ambalo ofisi yake ya Afrika Mashariki na Kusini iko Nairobi. Ukigawa nafasi ile ya megahezi 118 hadi 137 kwa vipande vya kilohezi 25, unapata masafa 760 tu. Ulaya walibanwa kiasi kwamba mwaka 1999 walianza kukata kila kipande sehemu tatu.

Sasa, wawili wakibonyeza pamoja, kinatokea nini?

Mtazame mpiga gitaa akikaza nyuzi kabla ya wimbo, na Bonde la Ufa halijawahi kupungukiwa na wapiga gitaa. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kulingana kabisa, unasikia sauti ikiyumba, inapanda na kushuka. Kadiri zinavyoachana, ndivyo kuyumba kunavyoongeza kasi. Kuyumba huko ni tofauti kati ya mitetemo ya uzi mmoja na mitetemo ya mwenzake. Redio nazo ni hivyo hivyo. Ya kwanza inatetema mara 120,000,000 kwa sekunde. Ya pili imepangwa iwe sawa nayo, ila hakuna redio mbili zilizo pacha, basi hii inatetema mara 120,002,000. Tofauti ni 2,000 kwa sekunde, na mitetemo 2,000 kwa sekunde ni sauti ambayo sikio la mtu huisikia barabara: mluzi mkali. Kila anayesikiliza masafa hayo wakati huo hapati maneno ya huyu wala ya yule. Anapata mluzi.

Hii hutokea kwa sababu ndege hutumia mfumo wa AM, ule wa zamani, ambamo sauti hubebwa na ukubwa wa wimbi. Redio zetu za nyumbani zilihamia FM, iliyovumbuliwa na Mmarekani Edwin Armstrong katika miaka ya 1930, ambamo sauti hubebwa na kasi ya mtetemo. FM ni safi, haina mikwaruzo ya radi, na ina tabia moja ambayo kila aliyesafiri kwa matatu anaijua ingawa hajawahi kuipa jina. Unapanda barabara kutoka Molo, redio inaimba wimbo wa Kikalenjin, mnakata kona nyuma ya kilima, na ghafla wimbo umetoweka na mahubiri ya stesheni nyingine yamekaa mahali pake, safi kama vile wimbo haukuwahi kuwapo. Stesheni mbili zikikutana katika masafa mamoja ya FM, yenye nguvu humeza dhaifu. Msikilizaji hajui kwamba kuna aliyemezwa.

Kwa abiria wa matatu hilo ni udhia mdogo. Mpe sasa mwongoza ndege redio kama hiyo. Ndege iliyo karibu inaomba ruhusa ya kushuka, iliyo mbali inasema injini yake moja imezimika. Ya karibu ina nguvu zaidi, inasikika vizuri, inajibiwa vizuri, na ya mbali imefutwa bila alama. Kwa AM angalau angesikia mchafuko, akajua wapo wawili, akauliza. Wahandisi hupenda kutoa sababu hiyo wanapoulizwa kwa nini anga imebaki na teknolojia ya babu zao. Nadhani ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba AM ilitangulia, na huwezi kubadilisha redio za ndege zote duniani kwa usiku mmoja. Hata hivyo, iwe kwa hekima au kwa ugumu wa kubadilika, tumebaki na chombo ambacho kikishindwa hupiga kelele, na si kidogo hicho.

Kulikuwa na wakati ambapo hakuna aliyehitaji kubishania masafa. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, mwendo mfupi kutoka hapa, alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 kutoka Uingereza hadi Kanada katika ndege isiyo na redio kabisa. Anga ilikuwa tupu. Miaka 41 baadaye, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa za Boeing 747 zilijikuta zimejazana na nyingine katika uwanja mdogo wa Los Rodeos, kwa sababu uwanja mwingine ulikuwa umefungwa baada ya bomu kulipuka.

Ilikuwa tarehe 27 Machi 1977. Ukungu ulikuwa umefunika njia ya kurukia. Ndege ya KLM ilikuwa mwisho mmoja, tayari kuruka. Ya Pan Am ilikuwa bado inatembea kwenye njia hiyo hiyo, ikitafuta pa kuchepukia. Hawakuonana, na mnara haukuwaona wote wawili. KLM ilisema maneno yaliyoweza kueleweka kwamba sasa inaruka. Mwongoza ndege akajibu kwa neno la kukubali, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wangoje, angewaita. Katika kunyamaza huko rubani wa Pan Am, akiogopa, alibonyeza kitufe kusema kwamba wao bado wako kwenye njia. Sauti mbili zikagongana. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM lilisikika lile neno la kukubali, kisha mluzi wa sekunde tatu na kitu. Ujumbe wowote kati ya ile miwili iliyozama katika mluzi ungetosha kuizuia ndege. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa maana ni rahisi kuilaumu fizikia. Mluzi ulisikika. Ulitangaza, kama unavyotakiwa kutangaza, kwamba kuna maneno yaliyopotea. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza ni maneno gani. Mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama Pan Am imeshatoka njiani, akajibiwa kwa uhakika kwamba imetoka, na safari ikaendelea. Baada ya Tenerife kanuni zilibadilika: neno la kuruka sasa hutamkwa tu wakati ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na kukubali kwa neno moja tupu hakutoshi, aliyepewa agizo muhimu hulirudia.

Waliokuwa wameanza kuchunguza masikio ya watu walikuwa wameliona tatizo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika minara ya kuongozea ndege, sauti za marubani wengi zilitoka kwenye spika moja, zikichanganyikana, na waongoza ndege walipata taabu kubwa kuzitenganisha. Taabu hiyo ndiyo iliyochochea utafiti mwingi wa jinsi mtu anavyosikiliza. Mwingereza Colin Cherry alichapisha majaribio yake mwaka 1953. Aliwasikilizisha watu hotuba mbili kwa wakati mmoja, zote kwa sauti ya mtu yule yule. Zikitoka pamoja kwa masikio yote mawili, watu walihangaika, wakafumba macho, wakaomba kanda irudiwe tena na tena. Alipoipeleka hotuba moja sikio la kushoto na nyingine la kulia, kazi ikawa rahisi ajabu: mtu alifuata aliyoambiwa afuate na kuiacha nyingine ipite.

Alipowauliza wamesikia nini katika sikio waliloliacha, majibu yalishangaza. Walijua kama sauti ilikuwa ya mwanamume au mwanamke. Hawakujua ilisema nini. Ilipobadilika kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, hawakutambua. Mwaka 1959 mtafiti mwingine, Neville Moray, alilitia jina la msikilizaji mwenyewe katika sikio lile lililoachwa. Takriban theluthi moja ya watu walilisikia.

Kila mtu anayekwenda sokoni ameishi jaribio hilo. Kelele za wauzaji wa viazi na kabeji, muziki wa matatu zinazosubiri abiria, makanga wakiita, na katikati ya yote mtu anataja jina lako nawe unageuka. Tunahadithia mara tulizogeuka, na tunadhani masikio yetu ni ya kuaminika. Takwimu ya Moray inatukumbusha zile mara tulizoitwa na kupita. Watu wawili kati ya watatu walitajwa kwa majina yao na hawakusikia.

Utaratibu wa redio za ndege umejengwa kwa watu hao wawili. Mwongoza ndege hutaja kwanza jina la ndege anayoiita, kisha ndiyo hutoa agizo, ili sikio ligeuke kabla maneno yenye uzito hayajafika. Namba husemwa tarakimu moja moja. Herufi hutamkwa kwa majina yake, Alfa, Bravo, Charlie, yaliyokubaliwa duniani tangu 1956 kwa sababu yanatofautiana hata yakipita katika redio yenye mikwaruzo. Pamoja na yote hayo, majina yanayofanana yanasumbua hadi leo. Ndege zilizosajiliwa Kenya zote huanza na 5Y, kwa hiyo katika uwanja wenye ndege nyingi ndogo kinachozitofautisha ni herufi chache za mwisho, na ndege mbili za shirika moja, moja 640 na nyingine 604, zinaweza kujibu agizo la mwenzake. Mwongoza ndege makini huzionya zote mbili mapema kwamba kuna jina linalofanana na lake.

Kuna swali jingine ambalo sikio haliwezi kulijibu: masafa mamoja yanaweza kubeba watu wangapi kabla hayajavurugika? Jibu la hesabu lilitoka Hawaii. Mwaka 1970 Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii alitaka kompyuta za visiwa mbalimbali ziwasiliane kwa redio katika masafa mamoja, bila mtu wa kugawa zamu. Kila moja ingetuma inapotaka. Ikigongana na nyingine, ingengoja muda wa kubahatisha na kutuma tena. Mtandao huo uliitwa ALOHA, ukaanza kazi 1971. Hesabu yake ilikuwa ya kukatisha tamaa. Ili ujumbe wangu upone, asiwepo aliyeanza muda mfupi kabla yangu ambaye bado anasema, na asiwepo atakayeanza kabla sijamaliza. Kila mtu akisema anapojisikia, sehemu ya muda inayobeba maneno yanayoeleweka haiwezi kuzidi asilimia 18. Watu wakiongezeka kupita hapo, mazungumzo yanapungua badala ya kuzidi, kwa kuwa kila mgongano huzaa marudio, na marudio huzaa migongano. Ukiwalazimisha wote waanze kwa mapigo ya saa moja, unafika asilimia 37.

Marubani hufanya vizuri zaidi ya hapo kwa sababu wao husikiliza kabla ya kubonyeza. Akihamia masafa mapya, rubani aliyefunzwa hungoja kwanza. Pengine kuna agizo limetolewa na linasubiri jibu. Akiingilia hapo, atamziba anayejibu. Lakini kusikiliza nako kuna mpaka wake, na mpaka huo unaonekana kwa macho ukisimama Mau. Ndege moja inaruka chini juu ya Ziwa Nakuru. Nyingine inaruka chini juu ya Maasai Mara. Kati yao kuna mlima ambao sehemu zake za juu huzidi mita 3,000. Kila rubani anasikiliza, anakuta masafa yako wazi, anabonyeza. Mtambo ulio juu ya kilima huwasikia wote wawili, na mwongoza ndege anapata mluzi kutoka kwa watu wawili waliofuata adabu zote. Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi waliandika kuhusu tatizo hilo mwaka 1975, wakishughulika na kompyuta. Dawa moja inayotumiwa na waongoza ndege ni kurusha upya kila wanachokipokea, ili aliye upande mmoja wa mlima asikie kwamba wa upande wa pili anasema.

Simu iliyo mfukoni mwako Keringet inafanya jambo lile lile la Hawaii. Unapobonyeza kupiga, simu bado haina nafasi yake katika mnara. Hurusha ujumbe mfupi sana wa kuomba nafasi, ikibahatisha kwamba hakuna jirani aliyerusha katika nukta hiyo hiyo. Zikigongana, kila moja hungoja kidogo, muda usiolingana na wa mwenzake, kisha hujaribu tena. Siku za kawaida huhisi chochote. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, kila mtu anapotuma salamu saa sita kamili, unaiona hesabu ya Abramson ikifanya kazi kwenye kioo cha simu inayokataa.

Na simu imerithi pia lile somo la kurudia. Hakuna mfanyabiashara wa viazi anayepakia magunia kwa sababu mnunuzi amesema ametuma pesa. Hungoja ujumbe wa M-Pesa uingie kwake, jina na kiasi. Kabla ya hapo mtumaji naye ameonyeshwa jina la anayepelekewa, aliangalie kama ndiye. Rubani anaporudia kimo alichopewa, mwelekeo, njia ya kurukia na masafa mapya, kazi ni hiyo hiyo, nayo ina pande mbili: mwongoza ndege lazima asikilize marudio hayo kwa makini, maana akisikia alichokitarajia badala ya kilichosemwa, kosa limepita mikono miwili na hakuna wa tatu. Hospitali nyingi duniani zimechukua desturi hii kwa maagizo yanayotolewa kwa simu: muuguzi anaandika dawa na kipimo, anamsomea daktari, daktari anathibitisha. Ukiwa umelazwa na ukamsikia muuguzi akirudia hivyo, usidhani hajaelewa.

Kurudia hula muda, na muda wa masafa ndio mali yenyewe. Tuseme agizo na marudio yake huchukua sekunde 10. Dakika ina nafasi sita. Mwongoza ndege mwenye ndege 15 zinazohitaji maagizo matatu kila moja ndani ya dakika kumi ameshamaliza robo tatu ya muda wake wote akiwa anaongea au kuongeleshwa, na bado hajafikiri. Mara nyingi mdomo hujaa kabla ya anga. Dawa ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kugawa anga vipande viwili, kila kimoja na mwongoza ndege wake na masafa yake. Inasaidia, hadi mahali fulani. Kila mpaka mpya huongeza kazi: ndege inayouvuka lazima iagwe huku na isalimie kule, yaani mazungumzo ambayo hayakuwapo. Ukiendelea kukata, unafika pahali ambapo waongoza ndege wanatumia muda mwingi kupokezana ndege kuliko kuziongoza.

Wilson, Nairobi, inaonyesha ubanaji huo kuliko mahali pengine popote nchini. Uwanja huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, na jina lake linatokana na Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Leo ndege za watalii wa Mara, za madaktari wa AMREF, helikopta, na za wanafunzi wanaojifunza kupanda na kushuka huchangia anga moja karibu na jiji. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya Safarilink iliyokuwa na watu 44 ikielekea Diani, na Cessna ya mafunzo, ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Waliokuwa kwenye Cessna, wawili, walikufa. Ile kubwa ilirudi Wilson salama.

Ukitoka Wilson na kuvuka Bonde la Ufa hadi Mara, hakuna mnara. Keekorok, Musiara, Ol Kiombo na viwanja vingine vya huko havina mwongoza ndege. Rubani hutangaza kwa yeyote anayesikiliza yuko wapi, yuko kimo gani, anakusudia kufanya nini, na wengine hupanga mambo yao kwa kumsikia. Afrika ina desturi kama hiyo kwa ndege kubwa pia: pale ambapo mawasiliano ya ardhini hayaaminiki, marubani hutangaza mahali walipo katika masafa 126.9, wakiambiana wao kwa wao.

Masafa hayana mlango, na hilo huleta shida ya namna yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya Somalia kusambaratika, anga yake iliongozwa kutoka Nairobi chini ya Umoja wa Mataifa, hadi uongozi uliporudi Mogadishu mwishoni mwa 2017. Mapema 2024, mzozo kati ya Mogadishu na Somaliland ulipopamba moto, marubani waliokuwa wakipita huko walianza kupokea maagizo yanayopingana, sauti mbili zikidai kuwa ndizo zenye anga. Redio haiulizi kitambulisho. Rubani aliyepewa kimo cha ajabu na sauti asiyoizoea alibaki na silaha ile ile ya siku zote, kuuliza tena.

Sasa maandishi yanaingia. Juu ya bahari na katika anga ya juu ya Ulaya, mwongoza ndege huandika agizo, likaonekana kwenye kioo mbele ya rubani, naye akakubali kwa kubonyeza. Hakuna mluzi, hakuna majina yanayofanana, hakuna anayemziba mwenzake. Ningekuwa mwongoza ndege ningeshukuru, lakini nisingetaka sauti iondoke yote. Redio ya pamoja hubeba maneno ambayo hayakukusudiwa wewe na bado unayahitaji. Ndege ya mbele inaomba kupinda kushoto kukwepa wingu la radi juu ya Mau. Ya nyuma, dakika kumi kutoka hapo, imesikia, na inaomba kupinda vivyo hivyo kabla haijaliona wingu lenyewe. Ombi hilo lingeandikwa, lingemfikia mwongoza ndege peke yake, na ndege ya nyuma ingengoja yeye akumbuke kuiambia.